Moyo kwenda mbio nikiwa kwenye eda: wote walisema ni msiba, kumbe tezi

Wakuu, salamu kwenu. Nimesoma nyuzi nyingi humu za watu wanaoshikwa na hofu ya ghafla, na jibu la kwanza huwa "punguza mawazo". Jibu hilo limenichosha tangu miaka ya tisini. Naandika yaliyonipata mwenyewe, sina chumvi ya kuongeza.

Mume wangu alifariki tukiishi Dodoma mjini. Nikakaa eda, ile miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba.

Wiki ya tatu, nachambua mchele, moyo ukaanza kwenda mbio. Jasho, mikono inatetemeka, pumzi haifiki. Nikajua nakufa. Baada ya robo saa ikaisha.

Ikawa inarudi karibu kila siku.

Shangazi wa marehemu ndiye aliyenisimamia. Kila nikishikwa: "Ndiyo kufiwa huko, mwanangu. Vumilia."

Halafu nilikuwa nakonda huku nakula sana. Shangazi akanitania mbele ya wageni, "Mjane anayemaliza sinia sijapata kumwona!" Wakacheka. Hakuna aliyejiuliza chakula kinakwenda wapi. Hata mimi.

Maduka ya dawa ya watu binafsi yalikuwa yameanza kufunguliwa kila mtaa. Wifi yangu akaenda kumweleza muuzaji, akarudi na vidonge vya usingizi. Muuzaji hata sura yangu haijui! Nikalala mchana kutwa, nikiamka moyo ni uleule.

Nikaomba hospitali. Shangazi akasema, "Na eda yako? Watu watasemaje? Subiri iishe."

Nikasubiri, wakuu. Miezi miwili! Hapo najilaumu, maana sikumuuliza anayejua.

Siku niliyoanguka jikoni, wifi alikimbilia kwa shehe wa mtaa. Shehe akafika mlangoni amekasirika. "Nani kawaambia eda inakataza matibabu? Mpelekeni sasa hivi!"

Hospitali ya misheni, daktari mmoja mama alihesabu mapigo, akanitazama, akasema, "Mama, toa huo mtandio."

Nilikuwa nimejifunika shingo tangu mazishi. Ilikuwa imevimba mbele, nami nilidhani ni kwa sababu ya kulia.

Damu ikapelekwa Dar. Majibu: tezi ya shingo inafanya kazi kupita kiasi. Nikapewa vidonge vya kupunguza mapigo na vya kutuliza tezi. Daktari akanieleza kuwa hofu hii inaweza kutoka pia kwenye moyo, upungufu wa damu au sukari kushuka. Wakati mwingine ni hofu yenyewe, nayo ina tiba. Ila mtu apimwe kwanza.

Baada ya miezi michache hofu ile ikakoma. Majonzi hayakukoma. Ila sasa niliweza kumlilia mume wangu bila kudhani namfuata.

Nilichojifunza: mfiwa naye huugua.

Uliyepitia haya, andika hapa chini ulipimwa nini na nini kilikusaidia. Na kama una mfiwa nyumbani anayeshikwa hivi, acha kusoma, mpeleke.