Balbu ya Baba Mdogo

Juzi, harufu ya transfoma iliyoungua ilinirudisha Mwanza, nilikofika utotoni baada ya siku mbili za treni, nikaishi kwa baba mdogo, fundi wa redio.

Mchana ule, upepo wa ziwa ukinuka dagaa, alikuwa amebakiwa na transfoma moja ya redio mbovu. Aliitaka kwa ampulifaya ya valvu, mtaa mzima usikie sherehe za uhuru. Ili kuipima, akaiunganisha na umeme kupitia balbu. Balbu ikawaka sana.

"Nzima, baba mdogo!" nilishangilia.

"Unashangilia msiba, bwana? Imeungua hiyo. Ikiwa nzima, balbu hufifia."

Mtaa haukusikia kitu.

Siku nilipoondoka moja kwa moja, alinipa mkono stesheni bila neno. Nilidhani hanijali; nilikuwa nimesahau somo la balbu, kwamba inapofifia ndipo ndani pana uzima.