Chumvi Chini ya Kikombe

Kiti cha Vashrambhai katika chumba cha michoro kilikaa miezi saba bila mtu kukikalia. Hakuna aliyekatazwa. Wachoraji wenzake walikipita wakienda dirishani kunywa chai, wakakizunguka kama watu wanavyozunguka maji yaliyomwagika, na aliyehitaji kiti cha ziada alikwenda kukiomba ofisi ya mishahara. Mji mzima wa Than, ambao huishi kwa udongo na moto, ulijua kwamba ameondoka. Waliojua sababu walikuwa wachache, na hao hawakuwa na hamu ya kuisema.

Alizaliwa mtaa wa wafinyanzi, mtoto wa pili wa Karsan Prajapati, mzee aliyefinyanga mitungi ya maji mpaka vidole vikapinda. Nyumbani kwao kazi iligawanywa mapema. Manji, kaka mkubwa, alipewa moto. Vashram, ambaye ukubwani angeitwa Vashrambhai, yaani ndugu Vashram, alipewa umbo. Tanuri ilipofunguliwa ikakutwa mitungi imepasuka, aliyechoma ndiye aliyetangulia kusema, "Moto ni wangu," na aliyefinyanga alinyamaza. Ilikuwa heshima, na shauri liliishia hapo. Mama alizoa vigae akavitupa nyuma ya nyumba kabla mtu hajatia kitu mdomoni, kwa kuwa kutazama kigae ni kukiita kingine. Kwa njia hiyo ndugu wa kifinyanzi waliweza kuzeeka chini ya paa moja bila kuchukiana.

Kiwanda cha kauri kilipojengwa kando ya reli, ndugu wote wawili waliajiriwa. Manji hakuwahi kukaa darasani, lakini aliweza kutazama rangi ya moto kupitia tundu la tanuri na kutaja joto lake, na kipimo kikamkubalia. Vashram alirudi kutoka Morbi na stashahada, akapewa ubao, penseli na kazi ya kuchora vikombe vya umeme, vile vya kauri vinavyoning'inia kwenye minara ili waya ushikwe bila umeme kuufikia mnara. Mkewe, Jamna, alifariki mwaka wa pili wa ndoa. Hakuoa tena. Jioni alikula kwa kaka yake, mkate wa uwele, bamia, mtindi, na alikuwa na mahali pake pa kukaa, karibu na mlango wa jiko.

"Shemeji, wa tatu huo," Labhu, mke wa Manji, alikuwa akimwambia. "Unadhani sihesabu?"

"Wa pili."

"Wa tatu! Mtu wa vipimo, na hajui kuhesabu mikate."

"Mwache ale," Manji angesema. "Kichwa chake kina vikombe tu. Angekuwa amechora mke muda wote huu, tungeshacheza harusi."

Huo ndio uliokuwa ukoo wake wote: watu wawili na mahali karibu na jiko.

Kikombe alichokipenda kuliko vyote alikichora mwaka ule serikali ilipoamua kupitisha laini ya msongo mkubwa kwenye ukingo wa Rann, jangwa la chumvi. Umeme una tabia ya mwizi mvumilivu. Usipoweza kupasua kauri, hutambaa juu ya ngozi yake, kutoka kwenye waya hadi kwenye chuma cha mnara, hasa ngozi hiyo ikiwa na chumvi na unyevu. Dawa yake ni kurefusha safari. Vashram akaukunja udongo. Chini ya kikombe, mahali pasipoonekana, alichora kuta nne za duara, moja ndani ya nyingine, zenye kina cha kidole kizima, hivi kwamba umeme uliotaka kuvuka ulilazimika kupanda na kushuka mara nne. Alikichora kwa majira mawili ya joto. Kwenye chumba cha majaribio kikombe kilinyunyiziwa maji ya chumvi, kikafunikwa na ukungu, kikapandishiwa umeme mpaka watu wakarudi nyuma. Haikuruka hata cheche. Manji alichoma vikombe elfu kumi na mbili kwa mkono wake, matanuri kumi na mawili yaliyojaa, na minara ikavishwa.

Vikombe vilidumu kipupwe cha kwanza. Januari ya mwaka wa pili, alfajiri za umande, vilianza kulipuka. Katika juma moja mikufu kumi na miwili ya vikombe iliwaka moto wa buluu, vikombe vikapasuka, waya ukaanguka kwenye mashamba ya chumvi, na miji mitatu ikakaa bila umeme. Aliyeumia alikuwa ng'ombe mmoja tu. Hata hivyo mkutano uliitishwa.

Mhandisi mkuu, Bwana Vasavada, alikaa kichwani pa meza, karani akiwa na kalamu kando yake. Kwenye gunia pembeni palikuwa na vigae vilivyoletwa kutoka Rann. Hakuna mfinyanzi aliyelitazama gunia lile, Vashram akiwa wa kwanza kutolitazama.

"Nataka neno moja," Vasavada alisema. "Umbo au moto?"

Manji alisimama kabla kiti cha mtu mwingine hakijalia. "Moto ni wangu, bosi."

Alisema kama baba yao alivyokuwa akisema, kwa sauti ya mtu anayekusanya uchafu ili wengine wapite. Na Vashram, aliyejua kwamba kaka yake hajawahi kuharibu matanuri kumi na mawili kwa mpigo, alinyamaza. Ulimi wake ulifanya ulichofundishwa tangu utoto. Kalamu ya karani ilikwaruza. Hapo ndipo alipotambua kwamba chumbani mle hapakuwa na mama wa kuzoa vigae. Palikuwa na karatasi, na karatasi haisahau. Alifungua mdomo. Vasavada alikuwa amekwisha funga faili.

Jumatatu iliyofuata Manji aliachishwa kazi.

Jioni hiyo Vashram alikwenda kula kama kawaida, kwa kuwa hakujua kwingine pa kwenda. Labhu aliweka sahani bila kuhesabu mikate.

"Kaka, nitakwenda kwa Vasavada kesho."

"Kumwambia nini?"

"Kwamba huenda ni umbo."

"Huenda." Manji alimega mkate, hakuutia mdomoni. "Miaka ishirini na mitatu nimeutazama moto ule, Vashram. Nilisimama kwa kuwa ndivyo tunavyofanya. Nikadhani na wewe utasimama."

"Kwani aliyefinyanga si hunyamaza? Si ndivyo tulivyolelewa?"

"Nyumbani!" Labhu alisema kutoka jikoni, na sauti yake ilikuwa nyingine kabisa. "Nyumbani, shemeji. Nyumbani kinachovunjika ni mtungi. Pale amevunjika mtu."

Manji hakumkemea mkewe. Kabla mwezi haujaisha walifunga mizigo wakahamia Wankaner, ambako tajiri mmoja wa vigae vya paa alihitaji mchomaji na hakuuliza habari za nyuma. Vashram alianza kupika wali wa dengu mwenyewe, akauunguza, akaula hivyo hivyo, amesimama.

Ndipo akafanya jambo ambalo watu wa mtaa wao hawafanyi. Alikwenda kuvitazama vigae.

Alishuka kwenye treni Kharaghoda, akatembea saa tatu juu ya ardhi nyeupe iliyopasukapasuka, mpaka mnara ambao waya wake ulianguka kwanza. Pale wavuna chumvi walikuwa na kibanda cha magunia. Mwanamke aitwaye Mongi, mkavu, wa makamo, mwenye nyayo zilizogeuka mbao kwa chumvi, alimwona akipiga magoti na kuokota vipande.

"Wewe ndugu! Umepoteza jino?"

"Natazama vikombe, dada."

"Vimetulaza gizani wiki nzima, sasa vinatafutwa? Miezi minane tunaishi chini ya hiyo mizigo yenu. Asubuhi za umande inaunguruma kama mama mkwe."

Vashram alichukua kigae kikubwa, akadondosha wino wa kalamu yake juu ya sehemu iliyovunjika, akasubiri, kisha akaupangusa kwa kidole gumba. Wino ulitoka wote. Kauri ilikuwa imeiva mpaka ndani, haikunyonya hata tone. Akajaribu kigae cha pili, cha tatu, cha tisa. Moto wa Manji haukuwa na kosa lolote.

Akakigeuza kikombe kilichosalia nusu. Kati ya zile kuta nne alizozichora kwa majira mawili, chumvi ilikuwa imejazana hadi ukingoni, ngumu kama chokaa. Akaweka ulimi.

"Unalamba nini sasa?" Mongi alicheka. "Chumvi unayo nchi nzima hapo chini!"

"Imeingiaje humu?"

"Upepo. Wewe hujui upepo? Tazama vyombo vyangu." Akainua sahani bapa, iliyong'aa. "Niliolewa na sufuria la pindo. Pindo likala chumvi mpaka likatoboka. Hapa mtu haweki chombo chenye kona. Mvua yenyewe haifiki kwenye kona, nani atakuoshea?"

Vashram alikaa chini juu ya Rann. Chumba chao cha majaribio kilikuwa na chumvi, ukungu na umeme. Hakikuwa na upepo. Kile alichokikunja ili kumchosha mwizi kilikuwa ghala la kumwekea chakula, na umande wa Januari ulipoilowesha ile chumvi, safari nzima aliyoirefusha ikawa daraja moja fupi. Umbo bora la nchi hii lilikuwa sahani ya Mongi: bapa, wazi, upepo uiparuze na kuiacha safi.

Aliandika kurasa kumi na moja. Alichora kikombe kipya kisicho na ukuta hata mmoja chini yake, kipana kama kofia ya mkulima. Vasavada alisoma, akavua miwani.

"Umbo tutalipokea. Ni zuri, Prajapati."

"Na kaka yangu?"

"Faili lile limefungwa."

"Lifunguliwe. Kosa ni langu. Andikeni jina langu."

"Nikiandika jina lako, nani atanunua umbo lako jipya?" Vasavada alisema bila ukali. "Nenda ukapumzike."

Hakupumzika. Aliandika barua kwa kila aliyekuwa kwenye mkutano ule, akataja jina lake na kosa lake, akapiga sahihi. Mwezi wa tano jibu lilikuja, mistari miwili: kiwanda kinakiri kwamba uchomaji haukuwa na dosari. Siku hiyo hiyo alipanda treni kwenda Wankaner.

Manji alikuwa kando ya tanuri ya vigae, nywele zimekuwa nyeupe. Vashram alimsomea ile mistari miwili, kwa kuwa Manji hakujua kusoma. Akaisoma tena. Manji alisikiliza huku jicho lake likiwa kwenye tundu la moto.

"Vizuri," alisema. "Umefanya vizuri. Na umbo jipya umelichora?"

"Nimelichora. Bapa."

"Nani anachoma?"

"Kijana kutoka Bhavnagar. Anatumia kipimo." Vashram aliikunja barua. "Kaka, wamesema unaweza kurudi."

"Huku nimezoea."

Labhu alitoka na chai. Aliileta kwenye kikombe chenye kisahani, kile kinachotunzwa kabatini kwa ajili ya wageni, na akaiweka juu ya kiti cha mbao uani. Alimuuliza kama safari ilikuwa njema. Jiko lilinukia kitunguu saumu na mkate wa uwele. Ilikuwa saa ya kula, na hakuna aliyetaja chakula. Vashram aliinywa chai yake polepole, akairefusha kadiri chai inavyoweza kurefushwa. Ilipokwisha, Manji alimsindikiza hadi barabarani, akamshika bega, akarudi kwenye moto wake.

Than hakukaa tena. Laini mpya ilihitaji mtu wa kukaa kwenye kituo cha umeme nje ya Kharaghoda, kupima ni chumvi kiasi gani hutua juu ya vikombe na kwa muda gani, ili wachoraji wawe na tarakimu za kweli. Hakuna mwingine aliyeomba kazi ile. Alistaafu miaka kumi na minne baadaye, na hakuna aliyemwambia ahame. Manji alifariki Wankaner, na habari ilimfikia siku ya tatu.

Vashrambhai ana miaka sabini na sita. Bado anaishi kituoni, chumba cha pili kutoka getini, na kila Alhamisi huviosha vikombe vinne vya umeme vilivyotundikwa uani kwa maji safi, akayapima yale maji na kuandika kiasi cha chumvi daftarini.