Fisimaji na Uzito Wake

Walimwita Fisimaji, na jina hilo hakupewa kwa hisani. Kwa miaka mingi alikuwa akizamia kwenye bwawa la mji, pale maji yanapoingia kwenye mabomba, akiondoa magugu, mifuko na matawi yaliyonasa kwenye wavu wa chuma. Kisha asubuhi moja, akitoka dukani, pikipiki iliyopuuza taa nyekundu ikamgonga. Hospitalini wakamkata mguu wa kushoto, chini ya goti.

Alipopona, msimamizi wa wapiga mbizi alimpokea kwa uso wa msibani.

"Pole sana, mama. Tumekuwekea meza ofisini. Kazi yako ni kupokea simu tu."

"Simu napokea hata nyumbani," Fisimaji akajibu. "Mimi nimekuja kuzamia."

Msimamizi hakuwa mtu mbaya. Aliogopa, na woga wake ulikuwa na sababu. Chini ya bwawa kuna tope laini kama unga. Mpiga mbizi asiyeelea kwa kulala sawasawa, tumbo likitazama chini, hulitibua kwa miguu, na likishatibuka wenzake hawaoni hata mikono yao.

"Nionyeshe kwamba unaweza kutulia majini bila kushika kitu," alisema, "nami nitanyamaza."

"Basi anza kuzoea kunyamaza."

Alikwenda kujaribu kwenye bwawa la kuogelea la shule ya jirani, pamoja na Kipara, mwenzake wa kazi tangu zamani. Mguu wa bandia aliuacha ukingoni, akaingia. Siku hiyo ilikuwa aibu tupu. Mguu wa kulia, wenye pezi lake zito la mpira, ulimvuta upande. Mtungi wa hewa mgongoni ukamalizia, akabiringika chali kama mende. Kipara kwa huruma akamwongezea vipande vya risasi kwenye mkanda wa kiunoni, ile risasi nzito ya kijivu inayomsaidia mpiga mbizi kushuka. Kiuno kikazama, kifua kikabaki juu, akawa amesimama majini kama mshumaa. Kipara akaongeza vingine. Fisimaji akaenda chini kama jiwe.

Aliibuka akitema maji na maneno. "Kipara, tunazamia au unanizika?"

"Nataka utulie, dada."

"Maiti ndiye anayetulia hivyo! Kila anayenionea huruma ananitwika mzigo. Toa. Toa vyote, tuanze upya."

Nyumbani alimfuata wifi yake, dada wa mumewe, fundi cherehani mwenye ulimi wa pilipili.

"Wifi," huyo akamwambia, "mguu wameuchukua, mdomo wamekuachia. Madaktari walikata pasipostahili."

Hakuna mwingine aliyethubutu kumtania hivyo, na Fisimaji alicheka mpaka akashika mbavu. "Wewe walikuacha mzima na bado huna faida. Haya, shona."

Alitaka mfuko mdogo wa turubai wa kufungwa kwenye paja la kushoto, na mingine miwili ya kubana kwenye mkanda wa mtungi, karibu na mabega. Wifi alishona, kisha akadai kuja kuona kazi yake inavyoloana.

Wakaanza upya. Risasi ya kiunoni ilipunguzwa, nyingine ikapandishwa mabegani ili kifua kishuke. Kipande kizima pajani kilimpindua kushoto. "Sasa umegeukia ukutani kama mtu aliyemnunia mumewe!" wifi akapiga kelele kutoka ukingoni. Kipara akakikata kwa msumeno, nusu ikaingia mfukoni. Wakasubiri pia hewa ikaribie kuisha, maana mtungi ukipungua hewa huwa mwepesi, na mtu aliyetulia mwanzoni anaweza kuchomoka mwishoni kama kizibo.

Fisimaji akakunja mikono, akangoja mwili wake umsaliti. Haukumsaliti. Akivuta pumzi alipanda kidogo, akiitoa alishuka, na katikati alilala tambarare kama mkeka. Alicheka, miwani ikajaa maji.

Siku ya kupimwa, msimamizi alivaa vifaa na kuzamia mwenyewe kwenye bwawa la mji. Fisimaji alielea amelala juu ya tope, urefu wa mkono mmoja tu kutoka chini, wala halikutibuka. Msimamizi akangoja. Hakuridhika, akamsukuma begani kwa kiganja. Fisimaji akayumba, akarudi palepale. Akamtazama machoni kupitia kioo cha miwani, kisha, bila kuomba ruhusa ya mtu, akaufuata wavu na kuanza kung'oa magugu.

Walipotoka msimamizi alisema, "Sawa. Lakini utazamia siku za maji matulivu tu."

"Wenzangu wanazamia siku gani?"

"Siku yoyote inayohitajika."

"Basi usinitengenezee bwawa langu peke yangu."

Msimamizi alimtazama Kipara, aliyewangojea ukingoni, akitafuta msaada. Kipara alikuwa ameinama, akifungua viatu ambavyo hakuwa amevivaa.

Mvua kubwa iliposhusha matawi mazima na wavu ukaziba, majina mawili yaliitwa, la Kipara na lake. Walifanya kazi hadi maji yakapita tena. Jioni wifi alimkuta amejitupa kwenye kochi, mabega yamewaka moto, suti ya mpira ikichuruzika mlangoni.

"Pole, wifi."

"Pole yako kaa nayo," Fisimaji akasema, akijinyoosha. "Uchovu huu nimeutafuta mwenyewe."