Swali la Saba la Mikoneni

Nimeandika vijitabu vya kaunti kumi na moja, na katika hizo nimekanyaga tatu, moja nikiwa nimelala ndani ya basi. Ni vijitabu vya shule za msingi, vyembamba, vya jalada la kijani, na vyote vina sura tatu: Historia, Jiografia, na Watu. Nina shahada mbili. Ya pili niliihangaikia miaka minne ili nije kuwaambia watoto wa nchi hii kwamba mvua hunyesha zaidi milimani.

Kazi yenyewe haina siri. Unachukua kijitabu cha kaunti iliyotangulia, unabadilisha majina ya mito, unatoa chai unatia nazi. Ujanja wangu ni mmoja tu: huanza na maswali ya zoezi, yale ya mwisho wa sura, ndipo nirudi juu kuandika aya za kuyajibu. Mwalimu darasani hasomi sura, anasoma maswali. Mhariri hasomi maswali, anakata sura. Kwa hiyo maswali yangu huishi kuliko aya zangu, na kama nina jina lolote katika fasihi ya nchi hii, basi ni baada ya maneno "Jaza pengo".

Mchapishaji wetu ana vyumba viwili ghorofa ya pili pale Gatina, Kawangware, juu ya kanisa ambalo kwaya yake ina spika nyingi kuliko waimbaji. Mimi nakaa Ayany, ambako wakazi hutumia nguvu nyingi kumweleza mgeni kwamba hapa si Kibera. Nami hueleza, tena kwa ramani.

Mwaka juzi nikapewa kaunti ya pwani. Jina lake nalihifadhi, imeshaumia vya kutosha mikononi mwangu. Ni kaunti ya mashambani: mbele ukanda mwembamba wa mchanga na hoteli, nyuma nyika kavu, miiba, mbuzi, na mito inayopita na maji wiki chache kwa mwaka. Haya nayajua sasa. Wakati ule nilijua ule ukanda tu, kwa sababu niliwahi kuhudhuria semina ya siku tatu hotelini huko, juu ya utamaduni wa mwambao, na kilichonikaa kichwani ni kamba wa kukaanga. Nikaandika: "Wakazi wa kaunti hii ni wavuvi na wakulima wa minazi. Ni watu wapole wanaopenda mapumziko."

Hiyo sentensi ya pili niliipenda. Sisi wa bara tunaipenda sana. Tumewaita watu wa pwani wavivu kwa miaka mingi mpaka tunaona uvivu wao ni sehemu ya jiografia, kama vile mlima.

Mhariri naye alifurahi. "Prof, hii iko fiti. Sasa picha. Nataka mama wa pwani, leso, nazi, hivyo vitu."

"Tunaenda huko lini?"

"Huko wapi? Wacha mchezo, Prof. Mpiga picha ako Raila."

Huyo alikuwa bwana mmoja mwenye studio ya picha za pasipoti kule Raila, ndani ya Kibera. Bahari hakuihangaikia. Aliteremka hadi lile bwawa lililo chini ya Kibera, akapiga magugu yaliyofunika maji, na katika ukurasa wa tisa magugu hayo yanaitwa mikoko. Mnazi aliupata kwa muuza miche kando ya barabara, ukiwa ndani ya chungu. Akalala kifudifudi ili uonekane mrefu. Akabaki mama.

Mama alikuwa chini ya ngazi zetu, na karai lake la mahamri na sufuria ya mbaazi. Miaka yote hiyo nilipanda ngazi na mahamri yake mkononi, nisimuulize hata siku moja kwao ni wapi. Nilipomwambia tunataka kumpiga picha kama mwanamke wa kaunti ile, aligeuza hamri ndani ya mafuta, akaligeuza tena.

"Si kama. Mimi ni wa hiyo kaunti. Mduruma mimi."

"Karibu na bahari, mama?"

"Bahari niliiona nishazaa wawili. Kwetu Mikoneni. Ukiswaga ng'ombe, mpaka baharini ni siku mbili."

"Kumbe mnafuga ng'ombe?"

Aliwageukia wateja wake. "Jamani, njooni mumwone mwandishi wa vitabu. Huyu ndiye anawafunza watoto wenu."

"Ndiyo maana wangu haelewi kitu," akasema fundi wa viatu, mdomo umejaa.

Alikubali kupigwa picha kwa sharti moja: jina la Mikoneni liandikwe kitabuni. Nilidhani ni fahari ya kwao. Haikuwa fahari. Watu wa Mikoneni walihamishwa yeye akiwa bado mwari, ardhi ikapata mwenyewe mwenye hati. Tangu hapo kaka yake na wazee wenziwe wanahudhuria vikao vya ardhi kudai warudi, na kila kikao afisa hufungua ramani, akaitazama, akawaambia hakuna kijiji kinachoitwa hivyo, wala hakijawahi kuwapo. Kilikuwa kimebaki kikao kimoja. Wameambiwa ni cha mwisho.

"Mama yangu amezikwa mahali ambapo hapapo," alisema. "Kitabu chako kina muhuri?"

Nikamwambia kina muhuri wa kuruhusiwa shuleni.

"Basi. Andika."

Asubuhi tatu nilikaa juu ya kreti ya soda nikimsikiliza huku akikaanga. Alinisimulia habari za ng'ombe, za njaa, za ndoa, na za kisima. Mto wa Mikoneni ukikauka, maji hubaki chini ya mchanga kandokando ya ukingo. Walichimba hapo, na kwa kuwa ng'ombe waliubomoa ukingo kila mwaka, bibi zake walitandika ngazi za mawe bapa mpaka chini. Wanawake walishuka kwa zamu. Kata ya kuchotea ilining'inia kwenye tawi, ya wote. Na ili maji yasichafuliwe, hakuna aliyeshuka na viatu, hata awe mgeni wa heshima. Ukishuka navyo unarudishwa juu na ndoo yako tupu.

Nilirudi Ayany nikaandika kwanza swali: "7. Wakazi wa Mikoneni walichota maji wapi, na kwa nini walivua viatu?" Kisha nikaandika ukurasa mmoja na nusu wa kulijibu. Zilikuwa aya bora nilizowahi kuandika. Sisemi hivyo kwa kujisifu; umeshaambiwa zilishindana na nini.

Mhariri alizikata zote. "Prof, hapa umeandika riwaya. Mtoto wa gredi ya tano anataka minazi."

Nilipinga vikali, yaani nilisema sawa.

Mama sikumwambia. Nilianza kununua mkate dukani, na kupanda ngazi nikiongea na simu iliyozimwa. Kijitabu kilipotoka sikukifungua. Vitabu vyangu huwa sivifungui, nalinda afya. Yeye alikipata kwa mteja mwenye mtoto shuleni, na siku moja aliniita kutoka chini kwa sauti iliyoinyamazisha kwaya.

"Mwalimu! Shuka."

Kitabu kilikuwa wazi juu ya benchi. Hapo yuko yeye na karai lake, na chini yake imeandikwa "Mwanamke wa pwani akipika kando ya bahari." Nyuma ya bega lake gurudumu la bodaboda linaonekana wazi, na nusu ya bango la kanisa.

"Nimekisoma chote," alisema. "Kumbe sisi ni wavuvi. Kumbe tu wapole."

Nilianza kueleza habari za nafasi, kurasa, mtaala mpya. Hakunisikiliza. Alifungua mwisho wa sura na kuweka kidole chenye unga juu ya mstari mmoja. Swali la saba. Mhariri alikata kila neno la Mikoneni akalisahau hilo, na mimi, niliyelitunga, nilikuwa nalisoma kitabuni kwa mara ya kwanza mbele ya karai la mafuta.

"Jibu liko wapi?"

"Lilikatwa, mama."

"Haidhuru. Jina lipo." Na jioni ileile kitabu kilipanda basi kama kifurushi, kwenda kwa kaka yake, majuma mawili kabla ya kikao.

Siku mbili baadaye mhariri alinipigia. "Prof, umeniweka kwa shida. Walimu wanapiga simu mpaka naoga na simu. Hilo swali lako la saba jibu lake halipo popote. Andika barua kwa mashule yote, sema ni kosa lako, hakuna mahali kama hapo, swali lifutwe. Weka sahihi, nitume leo."

Nilielewa barua hiyo ni nini. Ingefika hadi kule, na mwenye hati angeingia nayo kikaoni: mwandishi mwenyewe anakiri mahali hapo hapapo. Ningependa kusema nilisimama nikakataa. Msomi mwenye shahada mbili angekataa kwa hoja. Mimi nilisema nitaandika, kisha nikafanya ninachokiweza kuliko wote. Jumatatu mtandao ulipotea. Jumanne tumbo. Jumatano nilikwenda magharibi kumzika mjomba ambaye nilikuwa nimeshamzika mwaka uliotangulia. Wiki ya pili nililala tu, mchana kutwa, dirisha wazi, huku simu ikitetemeka juu ya meza. Uvivu wote niliowabambikia watu wa pwani katika kijitabu kile ulikuwa wangu, na ndiyo mara ya kwanza ulifanya kazi yoyote.

Habari za kikao nilizipata chini ya ngazi. Kaka yake alimsimulia kwa simu, naye alitusimulia sote, akisimama kila alipolazimika kugeuza hamri. Afisa alifungua ramani, akasema yale yale. Mzee akampa kitabu. Afisa akaipita ile picha, akacheka, akafika mwisho wa sura akaacha kucheka. Akalisoma swali kwa sauti, kama mwalimu. Kisha akawatazama: "Haya wazee. Mlichota maji wapi?"

"Wakamjibu nini?" akauliza fundi wa viatu.

"Waliinuka wakaanza kutembea."

Walitembea mpaka jua likawa kali, afisa na suti yake nyuma yao. Miiba ilikuwa imefunika ukingo wote. Wakaikata kwa panga, na ngazi zikaonekana, jiwe baada ya jiwe. Afisa akataka kuteremka aone. Kaka yake mama, ambaye hajui kusoma hilo swali, akaweka fimbo yake njiani.

"Akamwambia, viatu."

"Akavua?" nikauliza.

"Akavua. Na soksi."

Uamuzi bado haujatolewa. Afisa ameandika kwenye faili kwamba amekiona kisima, hayo tu. Mhariri ameacha kudai barua, sasa anadai jibu: toleo la pili linakwenda kupigwa chapa na swali haliwezi kukaa tupu. Nilimwambia mama kwamba safari hii nitaandika vizuri, ukurasa mzima, na hakatwi mtu.

"Umekwenda?"

"Bado, lakini yale uliyonieleza..."

"Afisa aliyekuja kutunyima amefika. Wewe rafiki yetu uko hapa unakula mahamri." Alinitazama toka juu hadi chini, akaishia miguuni, kwenye viatu vyangu vya ofisini vyenye kamba. "Na ukienda usivae hivyo. Utawasimamisha wazee juani."