Kigunzi Ndani ya Tiyo

Plastiki ikiungua mahali, wengine hukunja pua. Mimi harufu ile hunirudisha Butembo, kwenye mteremko wa kwetu, siku fundi alipokuwa akichoma ncha za tiyo, yale mabomba ya plastiki ya maji, juu ya makaa ili zilainike, kisha akizisukuma moja ndani ya nyingine. Nilikuwa na miaka tisa, na ninyi sitawaficha: nilikuwa nakufa kwa wivu.

Tiyo zile zilikuwa za baba yake Kavira, rafiki yangu. Baba huyo alisafirisha mizigo kwa lori kati ya Beni na Butembo, na alikuwa amechimba kisima mteremkoni, juu kuliko nyumba zetu, ili maji yashuke chini ya ardhi mpaka kwake. Mimi na Kavira tulikuwa tumeteka maji pamoja bondeni miaka yote, bidoni ya njano mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Sasa yeye angefungua robine kwa vidole viwili, maji yatoke, na mimi ningepanda kilima peke yangu. Hilo peke yangu ndilo lililonila.

Kibaya zaidi, mtaa mzima ulifanya salongo, kazi ya pamoja, kumsaidia. Kila nyumba ilipewa kipande cha mfereji, na cha kwetu kilipita katikati ya maharagwe ya mama. Mama akayang'oa mwenyewe, huku akiimba nyimbo za kanisani, akaanza kuchimba.

“Mama, juu ya nini tunachimbia bengine maji?” niliuliza.

“Kamata jembe, Masika. Kinywa hapana chimba mufereji.”

Siku ya mwisho, mafundi walipokwenda kula, Kavira alikuja na hindi la kuchoma. Akalivunja katikati kama kawaida yetu, akanipa kipande kikubwa, nami nikakila bila hata asante. Alipoondoka niliona tiyo imelala mferejini karibu na ukuta wetu, mdomo wazi. Kwa akili yangu, kila tiyo ilikuwa ya Kavira. Nikashuka, nikasokomeza kigunzi changu ndani, nikakisukuma kwa kijiti mpaka kikapotea. Nilisikia raha kuliko utamu wa lile hindi.

Asubuhi yake, baba Kavira alipachika robine kwake, akaifungua, na maji yakaruka. Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nilisimama tu, nisielewe. Ndipo akatoa robine ya pili mfukoni, akaja nayo mpaka ukutani kwetu.

“Mama Masika, ulitoa maharagi yako bila kulalamika. Donc hii ni ya kwako.”

Mama alikuwa ameshaleta bidoni. Robine ikakohoa mara moja, ikanyamaza.

Fundi alifukua, akakata, akatoa kigunzi. “Panya ya hapa inakulaka mahindi ya kuchoma?” aliuliza, na watu wakacheka. Kavira hakucheka. Alikitazama kigunzi kile kilichovunjika katikati, akanitazama mimi, kisha akasema polepole, “Ni mimi, papa. Nilikuwa nacheza.”

Baba yake akamvuta sikio mbele ya watu wote. Mimi nikaangalia vidole vya miguu yangu.

Mama alizoea kusema kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe, nami nilidhani ni onyo kwa watu wasioangalia wanapokanyaga. Maji yalifika kwetu mchana uleule, baridi, yakinukia udongo kidogo. Niliyanywa na hayakuwa na ladha.

Nilichelewa sana kuelewa kilichonipata siku ile. Wivu wa robine uliisha mara robine ilipofika kwetu. Lakini Kavira alikuwa na kitu kingine ambacho mimi sikuwa nacho, na hakuna tiyo ya kukileta. Hata leo tukikutana sokoni yeye hununua hindi moja, akalivunja katikati na kuninyooshea kipande kikubwa. Nami nakipokea, nakula, na bado sijamwambia neno juu ya kigunzi kile.