Mtu Aliyelinywesha Daraja

Mvua inanyesha, tena ile ya kumwagika, na fundi wa daraja anateka maji kwa ndoo anamwagia chuma. Wapita njia walimcheka mpaka wakashika mbavu. Wengine walisema jua limempanda kichwani miaka mingi, sasa hata mvua haiwezi kulishusha. Waliojua habari yake hawakucheka.

Jina lake halisi halikutumiwa na mtu. Aliitwa Kiguu na Njia, na wenye haraka wakaishia kwenye Kiguu. Hakuna aliyewahi kumwona amekaa akamaliza kikombe cha chai. Alikunywa kidogo mlangoni, kidogo uani, na kilichobaki alikisahau dirishani nzi wakarithi. Marehemu mkewe alikuwa akisema ameolewa na mgongo, maana uso wa mumewe aliuona wakati wa kurudi tu.

Daraja lililomlisha lilikuwa la chuma, limeletwa vipande vipande melini na watawala kutoka kwao kwenye baridi, likaunganishwa juu ya mkono wa bahari. Ng'ambo moja kulikuwa na ofisi, maghala na hospitali. Ng'ambo ya pili kulikuwa na mtaa wa wafanyakazi, vyumba vya mabati vilivyobanana, na katika kimoja kati ya hivyo Kiguu alikaa na binti yake. Meli ikitaka kupita, bendera nyekundu ilipandishwa kwenye mlingoti wa bandari, na daraja likazungushwa juu ya nguzo yake ya katikati mpaka njia ya maji iwe wazi. Waliolizungusha ni watu. Wanaume wanne walisukuma miti wakienda mviringo kama punda wa kinu, na Kiguu juu yao akiwasimamia. Amri ilikuwa moja: bendera ikipanda, daraja linafunguliwa, hata awe nani anayetaka kuvuka.

Chini ya miti ile kulikuwa na gurudumu kubwa la meno. Jua la utosi likilichoma, chuma kilivimba, grisi ikayeyuka ikachuruzika, na meno yakaanza kuumana. Waliolichora daraja hawakuliwazia hilo, kwani kwao jua ni mgeni wa kupita. Basi wasukumaji wakajitungia desturi. Kila mara kabla ya kuzungusha wakati wa joto, walishusha ndoo baharini kwa kamba, wakalimwagia gurudumu mpaka liache kutoa mvuke, kisha wakalipaka grisi upya. Waliiita kulinywesha daraja. Kiguu, ambaye hakuwa na subira kwa jambo lolote chini ya mbingu, kwa hili alikuwa nayo. "Mnyonge mnyongeni," aliwaambia, "lakini maji yake mpeni."

Asubuhi binti yake aliposhikwa na uchungu wa mimba ya kwanza, mkwe wake alikuwa safarini, mtia makaa kwenye tanuri la meli. Aliyebaki na mzazi ni dada yake Kiguu, shangazi mtu, ambaye alikwisha kupokea watoto kadhaa mtaani. Kiguu alizunguka chumba, akatoka uani, akarudi, akatoka tena.

"Kaka, nenda kazini," dada yake akamfukuza. "Unatutia kizunguzungu. Mtoto wa kwanza hana haraka."

Akaenda. Mchana, jua limesimama kichwani, dada yake akaja mbio hadi mwanzo wa daraja.

"Mtoto amekaa vibaya," alisema, akihema. "Mimi mwisho wangu ni hapo. Aitwe mkunga wa hospitali, tena upesi."

Kiguu alimtuma msukumaji mwenye mbio kuliko wote. Hajatoweka machoni, bendera nyekundu ikapanda. Wakalinywesha daraja, Kiguu akashika mti wa yule aliyetumwa, wakafungua. Meli yenyewe ilikuwa ya makaa, nzito, ikavutwa polepole kama mtu anayehamisha kabati peke yake. Kiguu aliitukana kimoyomoyo toka omo hadi tezi. Mkia wake ulipopita, mkunga alikuwa amekwisha kufika upande wa mji, mama mnene mwenye mwavuli na mkoba, amesimama ukingoni anangoja.

"Funga," Kiguu akasema.

Msukumaji mkubwa waliyemwita Kifua alikuwa na kamba ya ndoo mkononi. "Tulinyweshe kwanza, fundi."

"Limekunywa wakati wa kufungua."

"Hayo yalikuwa ya kufungua. Limekaa juani tangu hapo."

"Mwanangu anakufa pale, wewe unanieleza habari za ndoo. Sukuma."

Wakasukuma. Daraja lilienda vizuri mpaka nusu ya safari, likalia kama kinu kilichoingiwa na jiwe, likasimama. Mbele haliendi, nyuma halirudi. Kiguu akajikuta katikati ya maji na daraja lake, mkunga ng'ambo hii, paa la nyumba yake ng'ambo ile.

Sasa ndoo zikashuka mbiombio. Mvuke ukawapanda usoni. Lakini chuma kilichokwisha kuumana hakifuati matakwa ya mtu, hupoa kwa wakati wake. Kiguu alitembea kutoka ncha hadi ncha, akimwona mkunga huku, akiona mabati yake kule, na hakuna hatua hata moja iliyompeleka popote.

"Fundi," mkunga akapaza sauti, "ningoje, au nizunguke kwa mashua?"

Mashua zilikuwa kwenye ngazi za forodha, mwendo wa kutosha kwa mtu mnene. Kiguu akalitazama gurudumu.

"Ngoja, mama. Linakuja sasa hivi."

Akangoja. Ndoo zikashuka na kupanda. Mwishowe mkunga akafunga mwavuli wake, akaelekea forodhani bila kuuliza tena. Daraja lilipoachia, mashua yake ilikuwa inagusa ng'ambo ya pili.

Mtoto alikuwa wa kiume. Hakulia. Mkunga alitoka nje akifuta mikono, akamkuta Kiguu amesimama uani.

"Mama yake mzima," akamwambia. "Mtoto alichoka njiani. Ningewahi kidogo..." Akaacha, akaingia ndani kuchukua mkoba wake.

Bwana wa kazi alipouliza kwa nini daraja lilikwama, Kifua alijibu kwamba chuma kilivimba, na huo ulikuwa ukweli. Hakuna aliyemlaumu Kiguu. Wasukumaji waliacha tu kusema mbele yake kwamba majuto ni mjukuu. Na yeye, kama zamani alitembea kwa tabia, sasa alitembea kama anayefukuzwa. Alikuwa na uchungu usiokaa mahali pamoja, akiuacha nyumbani anaukuta darajani.

Binti alimletea chakula cha mchana kama siku zote, na kila akifika aliuliza, kwa sauti ileile ambayo wengine huulizia umeamkaje, "Baba, limekunywa?"

Kiguu hakuweza kujua ni swali, ni salamu au ni shtaka. Alijibu, "Limekunywa," kisha binti akishaondoka alikwenda akalinywesha tena.

Mkwe akarudi, akasafiri tena, na binti akawa mzito mara ya pili. Asubuhi moja ya manyunyu alikuja darajani na furushi la nguo.

"Baba, nakwenda kukaa ng'ambo. Mkunga amenipa chumba cha nyuma mpaka nijifungue."

"Siku zako bado."

"Najua." Alitazama maji. "Si kwamba sikuamini, baba."

Kiguu akajitwika lile furushi begani. Mlingoti wa bandari ulikuwa mtupu, daraja limefungwa, njia nyeupe mbele yao. Hapakuwa na kazi nyingine ila kuvuka. Walipofika katikati, juu ya gurudumu, akasimama. Akamkabidhi Kifua mzigo, akashusha ndoo, akavuta, akamwaga. Manyunyu yalikuwa yamegeuka mvua. Wasukumaji wakatazama pembeni.

Binti alisimama palepale, mkono kiunoni, maji yakimtiririka usoni, mpaka ndoo ikaisha.

"Ongeza nyingine, baba," akasema.

Akaishusha tena.