Panya Waliozimwa Jeni na Miguu ya Mdogo Wangu

Karoti zetu husafishwa mtoni kabla ya kwenda sokoni. Tunachimba shimo kando ya maji, tunatandika turubai, tunamwaga karoti, kisha mtu anaingia peku na kuzikanyaga mpaka udongo utoke. Kwa baridi ya Lushoto mwezi wa saba, baada ya dakika kumi miguu haina habari na mwenyewe. Ndiyo maana hatukujua. Mama yetu alipoanza kuburuta nyayo tulisema ni maji ya mtoni, na tukamzika tukisema hivyo hivyo. Mdogo wangu wa kike alirudi nyumbani baada ya kufiwa na mumewe. Siku alipotoka shimoni na kipande cha chupa kimezama kisiginoni bila kujua, tulicheka kwamba ana ngozi ya kiatu.

Kidonda hakikupona. Daktari hospitalini alisema neva za miguu yake zinakufa, kwamba huenda ni ugonjwa wa kurithi, na kwamba dawa ya kuuondoa hana.

Niliacha shule kidato cha pili. Mengine nimejifunza mwenyewe, kwa kamusi na daftari. Kwa wiki tatu nilisoma makala moja ya Kiingereza kwenye simu, aya moja kwa siku. Ilihusu panya wa maabara waliozaliwa jeni moja ikiwa imezimwa makusudi, ili watafiti waone jinsi neva zinazokwenda miguuni zinavyoharibika bila jeni hiyo. Walizaliwa wazima. Miezi ilivyopita wakaanza kuburuta miguu ya nyuma. Nilipofika hapo nilizima simu nikatoka nje, maana nilikuwa nimemwona mama.

Makala ilieleza na kipimo. Panya huwekwa juu ya bamba la moto, zikahesabiwa sekunde mpaka alambe unyayo. Nami nilitaka kujua mdogo wangu amebakiwa na kiasi gani. Nilipanga nimpime kila Ijumaa baada ya swala na kuandika. Kidonda kilikuwa mguu wa kushoto, kwa hiyo tungetumia wa kulia. Nilichemsha maji, nikayachanganya na ya baridi kwenye beseni, nikazamisha mkono wa kulia mpaka kwenye kifundo cha kiganja. Yalikuwa vuguvugu.

"Kaka, leo mimi ndiye panya?"

"Weka mguu. Ukisikia moto, sema."

"Niseme au nilambe?"

"Sema tu. Ishirini na moja, ishirini na mbili..."

"Panya wako amesinzia."

Nilifika tisini nikaandika tisini. Alipotoa mguu ulikuwa mwekundu, na kabla sijafunga daftari ngozi ya juu ya vidole ilikuwa imeanza kuinuka. Nilikimbilia maji ya baridi. Yeye hakuwa anautazama mguu.

"Kaka, mkono wako."

Ulikuwa mwekundu vilevile, na wekundu ulikoma sawasawa pale nilipoishia kuuzamisha. Sikuwa nimesikia kitu.

Hospitalini daktari alinitaka nifumbe macho na kusema kila anaponichoma kwa pini. Nilisubiri aanze. Nilipouliza anangoja nini, alisema amekwisha maliza mkono wa kulia.

Mguu ule wa kulia wa mdogo wangu ulikatwa vidole viwili. Jirani ndiye anayekanyaga karoti zetu sasa. Siku moja, nikimfunga mdogo wangu bandeji, aliniuliza jambo nililokuwa nimelisoma na kulinyamazia.

"Wale panya mwishowe walipona?"

"Hapana. Waliuawa, wakapasuliwa, neva zao zitazamwe."

"Dawa ikapatikana?"

"Makala haisemi."

"Basi acha kuisoma," alisema, akavuta kanga mpaka magotini.

Sijaacha. Nimeisoma tena yote, nikitafuta kama neva za miguu ya mbele zilifuata baada ya za nyuma. Zilifuata. Hilo sijamwambia.

Daktari alituagiza tupime maji ya kuoga kwa kiwiko. Cha mdogo wangu hakisikii tena. Changu bado kinasikia, kwa hiyo kila asubuhi mimi ndiye ninayeinama kwenye beseni, nakizamisha, nahesabu. Jana nilifika nne kabla joto halijanifikia. Mwezi uliopita ilikuwa mbili.